Kuwachora Watu Walio Mwendoni

Ajifunzaye kuchora aghalabu huanza na vitu visivyokimbia, kama mtungi, kiti, embe juu ya sahani au taa ya mezani, na baada ya muda si mrefu huweza kuvitia karatasini kwa namna ya kumridhisha, kwa kuwa mtungi humngoja mchoraji mpaka amalize, wala haumwulizi anatazama nini. Lakini siku aingiapo shauku ya kuwachora watu wa mji wake, akatoka na daftari hadi sokoni au bandarini, hukuta kuwa hamali aliyekuwa akimtazama amekwisha pita na rukwama yake kabla kichwa hakijakamilika, kwamba mwanamke aliyesimama kununua mchicha amegeuka na kwenda zake hali umechorwa mkono wake mmoja tu, na kwamba mtoto aliyekuwa amechutama sasa yu juu ya ukuta. Wengi hulifunga daftari hapo hapo, wakasadiki kuwa kuchora watu walio mwendoni ni kipawa cha wachache waliojaliwa mkono mwepesi. Rai yangu ni nyingine. Kwa kuchora barabarani na kuwatazama wengine wakichora, nimeyakinisha kwamba mkono wa mchoraji stadi hauendi mbio kuliko mkono wa mtu yeyote. Kilicho chepesi ni uamuzi wake, maana huwa amekwisha chagua atakachokichukua na atakachokiacha kabla kalamu haijagusa karatasi, na uchaguzi huo ni elimu ambayo kila mwenye macho na subira aweza kuipata.

Elimu hiyo ni kongwe. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1519, aliwausia vijana wa kazi yake wachukue daftari dogo kila waendako, na humo watie kwa mistari michache watu wanaowaona njiani wakizungumza, wakigombana, wakicheka na kupigana, pamoja na wale wanaosimama kando kuwatazama. Alitaka karatasi za daftari hilo zipakwe rangi ili alama iliyotiwa isifutike, na daftari likijaa lihifadhiwe na kuanzwa jingine, kwa hoja kwamba maumbo na miendo ya viumbe haihesabiki, na hakuna kumbukumbu ya mtu iwezayo kuyabeba yote hayo. Kwa mwanafunzi wa leo hakuna nasaha bora kuliko ile ya kutofuta. Mwenye ufutio mkononi hupoteza nusu ya wakati wake akisahihisha pua ya mtu ambaye amekwisha ondoka. Asiye nao hulazimika kuuacha mstari uliopotoka, kuchora mwingine ulio sahihi zaidi kando yake, na kuendelea na kazi. Ndiyo sababu kalamu ya wino ya kawaida, ile iuzwayo katika kila duka la mtaa, inafaa sana kwa kazi hii, ingawa wapendao kalamu ya risasi watafanya vyema kuchagua iliyo laini, yenye alama ya 2B au 4B, ambayo hutoa mstari mwembamba ikisimamishwa na mnene ikilazwa.

Wachoraji husimuliana kisa kimoja cha Eugène Delacroix wa Ufaransa, ambacho mshairi Charles Baudelaire alikiandika mwaka 1863, mwaka uleule aliofariki mchoraji huyo. Delacroix alimwambia kijana mmoja kwamba asipoweza kumchora mtu aliyejitupa kutoka dirisha la ghorofa ya nne katika muda wa kuanguka kwake hadi chini, basi asitumaini kufanya kazi kubwa maishani. Maneno hayo huwatisha wengi, na pengine yalikusudiwa kutisha, lakini yafaa kuyapima. Kitu kiangukacho kutoka urefu wa mita 12 hufika ardhini kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi, na katika muda huo hakuna mwanadamu awezaye kuchora mtu mzima. Ila mstari mmoja huchoreka, na mstari mmoja uliochaguliwa vyema, utokao utosini, ukafuata uti wa mgongo na kuishia kisigino cha mguu ulionyooka, hutosha kuhifadhi jinsi mwili ule ulivyopinda hewani, na yaliyobaki ya mikono, nguo na nywele yakaongezwa baadaye kwa msaada wa kumbukumbu na wa kuujua mwili. Delacroix mwenyewe alikuwa amekwisha pitia mtihani wa namna hiyo mwaka 1832, alipofuatana na ujumbe wa serikali ya Ufaransa uliokwenda Moroko kwa Sultani Abdurrahman, ambako alijaza madaftari kwa wapanda farasi, walinzi wa milango, mafundi na watu waliokaa vivulini, na pale wakati ulipokuwa mfupi mno kwa rangi aliandika jina la rangi kando ya mchoro na kugeuza ukurasa. Madaftari hayo yalimpa maudhui ya picha zake mpaka mwisho wa umri wake.

Hapa Unguja ipo fursa njema ya kujizoeza jambo hilo hilo. Alasiri, bahari ikiwa imejaa, vijana hukusanyika ukutani Forodhani kwa mchezo wao wa makachu, wakarudi nyuma, wakakimbia na kujirusha majini mmoja baada ya mwingine, huyu kwa kutanguliza kichwa, huyu kwa kujikunja, huyu kwa kupinduka hewani mbele ya halaiki inayowashangilia. Mgeni wa kuchora hukimbilia kumchora kijana wa kwanza na kuambulia mikwaruzo. Anayeijua kazi huiweka kalamu chini na kutazama, kwa maana baada ya miruko michache hudhihirika kwamba kila kijana ana tabia yake, na kwamba tabia hiyo haibadiliki: aliyeruka akiwa amefungua mikono ataifungua tena, na mwenye kukunja goti la kushoto atalikunja lile lile. Kisha huchagua sehemu moja tu ya mruko, na iliyo njema kuliko zote ni ile ya kileleni, kwa sababu hapo kupanda kumekwisha na kushuka hakujaanza, mwili unakuwa umetulia hewani kwa kitambo kidogo, na jicho hupata kuushika. Yuko anayefumba macho papo hapo ili taswira ya mwisho isifunikwe na inayofuata. Ni hila ndogo, lakini inasaidia sana. Mruko huu humpa mstari wa mgongo, wa pili humpa mteremko wa mabega na wa nyonga, wa tatu miguu, na wa nne humthibitishia kama mkono ulikuwa mbele ya uso au nyuma ya sikio. Umbo litakalokamilika litakuwa limekusanywa kutoka kwa vijana watatu au wanne, na bado watu wa Forodhani wakiliona watalitambua, maana ndivyo kurukwavyo pale.

Juu ya ardhi, jambo la kutafutwa kabla ya lolote ni mahali ulipokaa uzito. Mtu asimamapo kwa raha haugawi uzito wake sawasawa juu ya miguu miwili. Huuegemeza mguu mmoja na kuulegeza wa pili, na papo hapo nyonga ya upande wa mguu uliobeba hupanda, bega la upande huo hushuka, na mgongo hupinda ili kichwa kibaki juu ya wayo unaokanyaga. Ukishusha kwa macho mstari wima kutoka kwenye kishimo cha koo, utaukuta unaangukia mguu huo uliobeba au karibu yake sana, na hii nayo ni kanuni aliyoieleza Leonardo. Anayeijua huchora mstari wa mabega, mstari wa nyonga na huo wa wima, na mtu wake husimama. Asiyeijua huchora vidole vyote na vifungo vyote vya shati, na mtu wake huonekana yu mbioni kuanguka. Hamali anaposukuma shehena ya magunia ya mchele kupandisha mwinuko, kichwa na mabega yake hutangulia mbele sana ya nyayo, hata lau rukwama ingeondolewa ghafla angeanguka kifudifudi, na mchoraji asiyeuchora mwinamo huo hawezi kuonyesha uzito wa mzigo hata akiyachora magunia yote kwa nyuzi zake. Tofauti naye ni mwanamke aliyejitwika ndoo ya maji, ambaye kichwa na shingo havitikisiki na mwendo wote umehamia kiunoni na magotini, hata ukimfunika kwa kiganja nusu ya chini utadhani amesimama, na ukimfunika nusu ya juu utaona anakwenda kwa haraka.

Mwalimu Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha katika Art Students League ya New York, na ambaye kitabu chake cha kuchora kilitolewa mwaka 1941 baada ya kifo chake, aliliweka jambo hili kuwa msingi wa mafunzo yake. Aliwataka wanafunzi wachore kile mtu anachokifanya kabla ya kushughulika na sura yake, kalamu ikizunguka mfululizo kutoka kichwani hadi miguuni bila ya kusimama kwenye ukingo wa mwili, na mazoezi hayo yalikuwa ya dakika moja hivi, yakarudiwa mara nyingi kila siku. Wasiozoea huiona michoro ya namna hiyo kuwa vurugu tupu. Naamini hakuna zoezi lililo karibu zaidi na hali ya sokoni, na aliyelifanya nyumbani kwa muda, akiwachora watu wa aila yake wakifagia, wakikuna nazi na wakivaa viatu, hufika Darajani akiwa na nusu ya safari nyuma yake.

Ipo kanuni ya pili ambayo waandishi wa vitabu huieleza kwa michoro mingi ya hesabu, nayo yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Ukisimama mahali tambarare, vichwa vya watu wote wenye kimo kama chako, wawe karibu au mbali, hukaa kwenye mstari mmoja wa mlalo ulio sawa na macho yako, na tofauti ya karibu na mbali huonekana miguuni tu, kwa kuwa miguu ya aliye karibu hushuka mpaka chini ya ukurasa, na ya aliye mbali huishia juu, jirani na mstari. Ukikaa kwenye baraza, mstari huo hushuka ukawapita watu kifuani au kiunoni, kwa kadiri ya kimo cha baraza, na huwapita wazima wote pale pale. Basi mwenye kuutia mstari huo kwa wepesi juu ya ukurasa mtupu kabla ya kuanza aweza kukaa saa nzima, akamchora huyu apitaye sasa na yule atakayepita baadaye, watu ambao hawakuonana kamwe, na mwisho wakaonekana wote wamo katika umati mmoja na juu ya ardhi moja.

Kwa kuanzia, hapana haja ya kumkimbilia apitaye. Watu wangojao ni wema sana kwa mchoraji: walio katika kituo cha daladala, walio katika foleni ya tikiti, waliolala ndani ya boti ya kwenda Dar es Salaam huku kichwa kikielekea bega la jirani. Walio wema zaidi ni watu wa barazani, na mtu wa Mji Mkongwe ajua kuwa pale Jaws Corner, Soko Muhogo, hawakosekani wanywaji wa kahawa na wachezaji wa dama na dhumna, ambao hukaa kwa muda mrefu na kujigeuza kidogo tu. Muuza kahawa huinamisha dele kwa mkono mmoja na kukishika kikombe kwa mwingine, na mgongo wake wote hufuata mwinamo wa dele. Mnywaji huegemeza viwiko juu ya magoti, kikombe kikapotea katika vidole vyake, na paji la uso likashuka kukifuata. Mchezaji aliyebanwa husogea mbele mpaka ukingoni mwa kiti, hali mwenzake aliyeshinda hujirudisha nyuma na kuegemea ukuta. Ukitazama haya kwa dakika mbili au tatu kwa kila mtu, na ukayachora kwa mistari isiyozidi kumi, utakuwa umeandika habari ya mchezo ule bila ya kuchora kete hata moja.

Baada ya wakaao huja wafanyao kazi ya kurudiarudia, na hapa ndipo raha ya kazi hii inapokolea. Mtazame muuza madafu. Dafu amelikalisha juu ya kiganja cha kushoto, panga limepanda hadi kufikia bega, linashuka kwa mshazari na kuondoa kipande cha ganda, dafu linazungushwa kidogo kwa vidole vya chini, panga linapanda tena, na baada ya mapigo machache ncha hufunguliwa, mkono wa kushoto ukanyooka kumpa mnunuzi. Anayetaka kumchora asianze umbo moja. Aanze matatu kwa wakati mmoja, moja la panga lililopanda, la pili la panga lililoshuka na la tatu la mkono unaotoa, na kila mwili unaporejea katika hali mojawapo aongeze mstari katika umbo linalohusika na kuyaacha mengine yangoje zamu yao. Madafu machache yakiuzwa, maumbo yote matatu huwa yamejaa, na yamejaa kwa sababu mchoraji aliyapa kila moja mitazamo mingi mifupi. Katsushika Hokusai wa Japani, ambaye juzuu ya kwanza ya michoro yake iitwayo Manga ilichapishwa Nagoya mwaka 1814, na ambayo juzuu zake hatimaye zilifika 15, alizijaza kurasa zake kwa watu wadogo namna hiyo, wanaobeba mizigo, wanaooga, wanaopigana mieleka na wanaocheza, mmoja kando ya mwingine pasi na ukuta wala ardhi nyuma yao, na atazamaye huona kazi nzima ikitendeka ukurasani kwa hatua zake zote.

Apitaye njiani ndiye mgumu. Hatua ya mwanadamu ina vituo, na kilicho dhahiri kuliko vyote ni kile cha miguu iliyoachana kwa urefu wake wote, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa chini, wa nyuma ukibaki kwenye vidole, na mkono wa upande wa pili ukitangulia pamoja na mguu wa mbele. Tangu Eadweard Muybridge alipopiga picha za farasi akienda mbio huko California mwaka 1878, na baadaye picha za watu na wanyama alizozitoa mwaka 1887, tumejua vituo vya kila mwendo kwa uhakika ambao wa kale hawakuwa nao; na hata hivyo picha iliyopigwa wakati wowote huweza kumkuta mpita njia magoti yake yamekutana, akaonekana kuwa amesimama kwa mguu mmoja bila ya sababu. Mchoraji ana hiari ambayo mashine haina. Huchagua kituo kinachosema mwendo, na huweza kuuchukua mguu wa sekunde hii na bega la sekunde ijayo akaviunganisha, na atazamaye akaona mtu anakwenda.

Hiari hiyo hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu hufundishika. Horace Lecoq de Boisbaudran, aliyefundisha mjini Paris katika karne ya 19 na kuandika kitabu juu ya kuifundisha kumbukumbu ya jicho, aliwazoesha wanafunzi wake kutazama kitu, kukiacha na kukichora kikiwa hakipo tena, akianza na umbo jepesi na kuongeza ugumu kwa daraja, mpaka akawapeleka nje kuwatazama watu wakitembea kwa uhuru chini ya miti na kuwachora baadaye. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Auguste Rodin, mchongaji mashuhuri, ambaye mwaka 1906, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 60, aliwaona wachezaji ngoma wa mfalme wa Kambodia walipozuru Ufaransa, akawafuata kutoka Paris hadi Marseille na kuwachora michoro ipatayo 150 kwa siku chache. Rodin alikuwa na desturi ya kumtazama mchezaji na kuiacha kalamu ikimbie bila ya kuangalia karatasi, na mikono katika michoro ile imerefuka na kupinda kuliko kawaida ya maumbile, lakini ngoma imo. Zoezi dogo la kuiga njia hiyo ni kumtazama mpita njia mmoja kwa hatua tatu, kumgeuzia mgongo, na kumchora kutokana na kilichobaki. Mwanzoni hubaki kidogo sana. Muda ukipita hubaki zaidi, na kinachobaki huwa ndicho kilicho muhimu, kwa kuwa akili hutupa yasiyo na kazi.

Kwa mchoraji wa pwani yetu liko jambo jingine la kuzingatia, nalo ni nguo. Kanzu na buibui hufunika viungo, na mwanafunzi aliyezoea kutafuta goti na kiwiko hudhani amenyimwa kila kitu. Ukweli ni kwamba kitambaa husema mengi, maana hakina mkunjo usio na sababu. Kanzu huning'inia kutoka mabegani, na mwenye kuivaa anapopiga hatua, goti la mbele huisukuma na kuilainisha, na kutoka goti hilo mikunjo mirefu huvutwa kwa mshazari mpaka kisigino cha mguu wa nyuma, huku pindo la chini likiinuka mbele na kubaki nyuma. Mistari miwili au mitatu ya mikunjo hiyo hutosha kuonyesha miguu yote miwili bila ya kuichora. Buibui la mwanamke anayekwenda kinyume cha upepo wa bahari hushikamana na mwili upande mmoja na kupepea upande wa pili, na kiganja kinachoshika ukingo wake chini ya kidevu ndicho kiini cha umbo zima, kwani mikunjo yote hukutania hapo. Kanga iliyofungwa kiunoni nayo hujikaza upande wa nyonga iliyopanda, na kwa hiyo humwonyesha mchoraji mguu uliobeba uzito. Naona wachoraji wa hapa wangeweza kuandika juu ya hili kitabu kamili.

Suala la adabu lataka kusemwa kwa kituo, kwa kuwa anayechora hadharani huchukua kitu cha mtu bila ya kukigusa. Wapo wanazuoni wanaokataza kuchora viumbe wenye roho, na wapo wanaoruhusu kwa masharti, na katika miji ya Kiislamu mchoraji atakutana na watu wa rai zote mbili katika baraza moja. Haifai kubishana nao. Historia ya Waislamu wenyewe imebeba pande zote: Yahya bin Mahmud al-Wasiti, aliyemaliza mwaka 1237 nakala ya Maqamat ya al-Hariri ambayo leo imehifadhiwa katika maktaba ya taifa mjini Paris, aliwachora kwa rangi wasafiri na ngamia wao, wasomi katika maktaba na wasikilizaji msikitini, wakigeuzana vichwa na kunyoosheana vidole kwa uhai unaoshangaza mpaka leo, lakini mzee asiyetaka kuchorwa hana wajibu wa kuijua habari hiyo, na neno lake moja la kukataa linatosha. Aliye katika sala, aliye katika msiba, mgonjwa na mama anyonyeshaye waachwe. Akaaye kwa uwazi, daftari juu ya goti, akawasalimu watu na kununua kahawa yao, hupata amani kuliko ajifichaye nyuma ya nguzo, kwa sababu anayejificha huleta shaka hata akiwa na nia njema. Atakayeomba kuona aonyeshwe, na atakayechukizwa na umbo lake apewe ukurasa. Watoto watakuja, watajaa, na watawataja waliochorwa kwa majina yao. Wao ni mahakimu wa kweli, maana humtambua mtu kwa mgongo wake, na wasipomtambua ni dalili kwamba mchoraji alichora nguo akausahau mwendo.

Mwenye kuyazoea haya huanza kuona kwamba mtu mmoja mmoja hamtoshi, akataka kuchora kilichopo baina ya watu. Rembrandt wa Uholanzi ana mchoro mdogo wa wino, uliohifadhiwa katika British Museum, London, wa mtoto anayefundishwa kutembea: mama na dada wamemshika mikono, baba amechutama mbele akimnyoshea mikono yake, na mwuza maziwa anapita na ndoo. Mistari ni michache mno, na nyuso karibu hazimo, lakini mpangilio wa migongo unaonyesha nani ana hofu, nani anamwita mtoto na nani anapita tu na shughuli zake. Mahali pa kujifunza hayo katika mji wetu ni mnada wa samaki wa asubuhi pale Darajani. Usianze na mnadi, ingawa yeye ndiye mwenye sauti. Anza na duara la vichwa vilivyomzunguka, ulichore kwa pamoja kuwa umbo moja lenye pengo upande unaopitishwa samaki, kisha utie mkono wa mnadi juu ya duara hilo, na kutoka hapo utafute wawili tu wa kuwachora kwa ukamilifu, mmoja aliyeinama kumchungulia samaki mashavuni na mmoja aliyekunja mikono kifuani akijifanya hataki. Bei itatajwa, jodari ataondolewa, watu watachanganyika na kulipoteza umbo lao kwa nusu dakika. Usihamaki wala usifungue ukurasa mpya, kwa kuwa jodari wa pili anapobwagwa sakafuni duara hurudi palepale lilipokuwa, na utapata kuwaongeza wale wa safu ya nyuma, ambao huonekana paji la uso na ukingo wa kofia tu.